Mtani Mkuu wa Taifa

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukiona inafanana na yako, kosa ni la nchi yako kwa kuiga, na ningekushauri ukairipoti mapema. Jina lake sitalitaja, si kwa woga, ni kwa adabu tu. Kwetu jina la nchi ni mali ya Baba Mlezi, na mali ya mtu haichezewi.

Basi katika nchi hiyo, Jumanne moja, Profesa Hamdani Lukindo alifariki dunia asubuhi, na kufika adhuhuri alikuwa shujaa wa taifa. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Misiba Mikubwa, Dokta Sudi Mapande, na zaidi ya hapo nilikuwa mwanafunzi wake marehemu, tena kipenzi, tena ndiye niliyekikalia kiti chake pale chuo kikuu siku walipokuja kumtoa. Kiti kilikuwa bado kina joto. Mwingine angeona haya kukaa. Mimi nilikaa, maana elimu haipaswi kusimama.

Kwa asiyemjua, Profesa alikuwa bingwa wa elimu ya jamii. Wenzake walichunguza umaskini, kwa kuwa umaskini una semina nyingi na chakula cha mchana. Yeye alichunguza utani. Kwetu watu wa Bonde na watu wa Kilima ni watani tangu enzi za mababu. Walipigana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo watatukanana badala ya kuchomana mikuki. Mtani wako anakuita mtumwa wake, nawe unamwita mtumwa wako. Anaingia jikoni kwako na kula nyama iliyoko chunguni, na mkeo anamcheka tu. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuvaa nguo za marehemu, kuigiza mwendo wake, kuusema uchoyo wake hadharani, na kulala ndani ya kaburi akikataa kutoka mpaka apewe kuku. Wafiwa wanalia huku wanacheka. Kumkasirikia mtani msibani ni aibu ambayo hata wajukuu zako watasimangwa nayo. Mwisho, yeye ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Maiti asiyetupiwa udongo na mtani wake, watu wa Kilima wanasema, hajazikwa, amefichwa tu.

Profesa alihudhuria matanga miaka na miaka, akisikiliza, mpaka watu wakamshuku kwamba anafuata wali. Kisha akaandika hitimisho lake, sentensi moja ambayo wanafunzi waliichora ukutani: "Mkubwa asiye na mtani huoza akiwa amekaa, na wanaomzunguka humsifu harufu yake."

Astaghafirullah! Kwa sentensi hiyo akahamishiwa kituo cha ufugaji wa mbuzi, kitengo cha jamii. Huko figo zikamharibikia. Daktari akasema atibiwe nje ya nchi, kibali cha kusafiri kikaombwa, na serikali ikajibu kwamba inalifanyia kazi. Na kweli ililifanyia kazi, msiwe watu wa kulaumu. Kibali kilitoka Jumatano, siku moja baada ya kifo, kikiwa na mihuri yote. Marehemu aliruhusiwa kukaa nje hata miezi sita. Mhariri mmoja wa gazeti, mtu wa kiherehere, aliuliza kibali kilikuwa kimelala wapi muda wote huo. Jioni hiyo hiyo alianguka bafuni kwake, maskini, akafa. Bafu za nchi yetu zina utelezi sana. Serikali imeshaunda Tume ya Vigae.

*

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa. Kwetu kilio huanza Waziri. Mfiwa akimtangulia, anahesabiwa amevuruga ratiba. Kwa hiyo Mheshimiwa Tindwa, Waziri wa Misiba na Furaha za Umma, alipofungua kikao cha Kamati alianza kwa kulia kidogo, akajifuta, akatazama kama picha zimepigwa.

"Ndugu wajumbe," akasema, "msiba huu ni fursa. Profesa ametutoka wakati ambapo tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza kumvumilia. Adhuhuri hii Baba Mlezi ametangaza redioni kwamba elimu ya marehemu ni dira ya taifa, na kwamba utani ni urithi wetu. Kwa hiyo kuanzia sasa hivi sote tunampenda. Kuna mjumbe ana swali?"

Hapo mlango ukafunguka, akaingia Mama Siwema, mjane wa Profesa. Mwanamke mrefu, mkavu, kajifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kufua. Hakuwa na chozi. Nikamwambia aketi, hakuketi.

"Nimekuja kumchukua mume wangu," akasema.

"Pole sana, mama yetu," akasema Waziri. "Lakini mume wako sasa ni wa taifa."

"Alipokuwa anatapika alikuwa wangu peke yangu."

Waziri akasema hilo ni neno zuri na litaingizwa kwenye wimbo. Mama Siwema akamsubiri amalize, kisha akasema, "Basi kaeni naye mpaka Jumamosi, mpigeni picha mtakavyo. Ila aliniachia neno moja tu, na hilo silitoi sadaka. Kaburini asimame mtani wake, Mzee Tego, aseme apendavyo, na udongo wa kwanza autupe yeye. Nisipomtimizia hilo nitakuwa sijamzika."

Nani asiyemjua Tego? Mzee wa Bonde, mchinjaji mstaafu wa machinjio ya mji, sauti yake ukiisikia huhitaji redio. Alikuwa akibisha nyumbani kwa Profesa na kuuliza, "Mtumwa wangu yupo?" kisha anapita moja kwa moja jikoni. Profesa alipohamishiwa kwa mbuzi, wote tuliingia mitini, Tego akamfuata na kumwambia mbele za watu, "Hongera, mtumwa wangu! Hatimaye umepata wanafunzi wasiokwenda kukuchongea." Sijui alikuwa anamsema nani.

Waziri alikuwa amebanwa. Kusema hapana ni kukataa utani, na utani ulikuwa urithi tangu adhuhuri. Kusema ndiyo ni kumweka Tego mbele ya kipaza sauti, na taifa zima linasikiliza. Akasema suala litatafakariwa. Mama Siwema akapita karibu nami akitoka.

"Sudi, mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Umekula sana kwangu. Nisaidie hili tu."

Nikamwambia, "Mama, mimi ni sekretarieti."

*

Ikulu tulimkuta Baba Mlezi anakatwa kucha za miguu na Brigedia. Waziri akaeleza, akazungukazunguka, mpaka Baba Mlezi akachoka.

"Huyo mtani ndiye nani hasa?"

Waziri akanisukuma mbele. Nikapiga goti. "Mtukufu, mtani ni mtu anayesema lolote mbele ya watu, hata la kuumiza, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Anaingia nyumba yoyote na kula anachokikuta. Anawaita wenzake watumwa. Na wote wanawajibika kucheka."

Baba Mlezi akatazama dari, akatazama kucha zake. Kisha akasema taratibu, kwa mshangao wa mtu aliyekuta picha yake kwenye nyumba ya jirani:

"Mbona huyo ni mimi?"

Mkasi ukamponyoka Brigedia.

"Ni mimi!" Baba Mlezi akasimama, mguu mmoja umekatwa kucha, mwingine bado. "Kumbe miaka yote mzee wa watu alikuwa ananiandika mimi, na nyinyi mkampeleka kwa mbuzi! Wajinga nyinyi! Kuanzia leo mimi ndiye Mtani Mkuu wa Taifa. Jumamosi nitamtania marehemu mwenyewe. Na atakayemkasirikia mtani ni nani? Andikeni amri, asiruhusiwe mtu yeyote kumkasirikia mtani, awe mkubwa awe mdogo!"

Palikuwa na tatizo dogo. Mtani wa mtu wa Kilima kama Profesa hana budi awe mtu wa Bonde. Lakini Baba Mlezi ameshazaliwa karibu wilaya zote za nchi, kila moja ina kibanda alichozaliwa, na vyote vimetiwa umeme. Kabla jua halijatua Bonde nalo likapata chake.

Kuna jambo moja sikulisema. Utani una pande mbili. Anayekutania, nawe unamtania, na yeye naye hana ruhusa ya kukasirika. Kila mtoto wa Bonde na Kilima analijua. Profesa aliliandika kwenye ukurasa wa mwanzo kabisa. Lakini pale Ikulu hakuna aliyeniuliza upande wa pili, na mimi si mtu wa kumkatiza mkubwa maneno yakiwa yamemkolea.

*

Maandalizi yalikwenda vizuri mno. Mtani huvaa nguo za marehemu, na koti la Profesa halikumwingia Baba Mlezi hata mkono. Mafundi wakalifumua na kuliongezea kitambaa mpaka likatosha watu wawili. Kwa kuwa isingependeza koti la marehemu limzidi marehemu, picha zake za maombolezo zikapanuliwa. Ndiyo maana Profesa, aliyekufa amebaki mifupa, alizagaa mjini akiwa na mashavu.

Mimi nilipewa idara ya vicheko. Nilikuwa na leso nyeupe. Ikipanda nusu, ni kicheko cha heshima. Ikipanda juu kabisa, watu wavunjike mbavu. Tukafanya mazoezi uwanjani na wanafunzi, askari na kwaya mbili. Wote walielewa haraka, maana vicheko hivyo walikuwa wakivitumia nyumbani siku zote.

Aliyetutia tabu ni mjane. Utani msibani mwa watu bila mfiwa kucheka si utani, ni matusi, hilo hata Waziri alilijua. Na Mama Siwema alisema hacheki.

"Tego yuko wapi?" ndilo lililokuwa neno lake. Tego alikuwa amechukuliwa na vijana wa Usalama Alhamisi asubuhi, kwa usalama wake.

Waziri akamwendea mwenyewe nyumbani, mimi nyuma yake na leso yangu. Tukamkuta anaosha vyombo uani.

"Mama yetu," akasema Waziri, "tuelewane kama watu wazima. Jumamosi Baba Mlezi atatania mara tatu. Wewe cheka mara tatu, tena usikike redioni. Ukishacheka, Tego ataletwa, atasimama kaburini, aseme atakalo, na udongo autupe yeye. Mume wako atakuwa amezikwa kama alivyotaka."

"Niapie."

Waziri akaapa kwa jina la Baba Mlezi. Hicho kwetu ndicho kiapo kikubwa kuliko vyote, na kikivunjwa anayeadhibiwa ni yule aliyeapiwa.

Mama Siwema akaikung'uta sufuria, akaifunika juu ya kichanja. Akanitazama mimi, si Waziri. "Sudi, nawe umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi nitacheka," akasema. "Nitamchekea mume wangu apate udongo wake." Akageuka akaendelea na vyombo.

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu waliletwa kwa malori ili wahuzunike kwa hiari. Mheshimiwa Tindwa akafungua kwa kulisomea jeneza kile kibali cha matibabu, neno kwa neno, mpaka kwenye mhuri, na watu wakapiga makofi. Kisha Baba Mlezi akapanda jukwaani, ndani ya koti la marehemu.

Nataka niseme ukweli. Anajua kutania. Amepoteza muda wake kutawala.

"Huyu mtumwa wangu," akaanza, akiligonga jeneza kwa fimbo, "alisema mkubwa asiye na mtani huoza akiwa amekaa. Haya! Leo nani kaoza?"

Nikapandisha leso. Uwanja ukalipuka. Mama Siwema alikuwa ameketi mbele, kipaza sauti kimesogezwa mdomoni mwake. Akacheka. Ha, ha, ha. Kicheko kikapita redioni vizuri.

"Alikuja kuniomba kibali cha kwenda nje. Nikajiuliza, huyu ana haraka gani? Mwoneni sasa, mkaidi, kasafiri bila kibali!"

Leso juu. Wakavunjika mbavu, kwaya ya pili ikaanguka chini kama ilivyofundishwa. Mama Siwema akacheka tena. Nilimwona mikono yake imeikamata ile khanga mapajani kama anataka kuikamua.

Kisha Baba Mlezi akafuata mila yenyewe. Akashuka kaburini. Lilikuwa limechimbwa pana, likawekewa ngazi na zulia. Akalala chali, akajinyoosha, na alipojinyoosha tukasikia koti linalia mgongoni, prrrr, mshono umeachia kutoka shingoni mpaka kiunoni. Hakuna aliyesikia. Mimi nilikuwa karibu kabisa na sikusikia kabisa.

"Aisee, humu pazuri!" akaita kutoka chini. "Mjane wee! Pana nafasi ya wawili. Njoo ulale na mwenzio!"

Leso ikapanda. Watu wakacheka, lakini nakiri wengine walichelewa. Mama Siwema akacheka mara ya tatu, kicheko kikavu, kama ukoko unakwanguliwa sufuriani. Kilipoisha akasimama.

"Nimemaliza," akasema. "Mleteni Tego."

Tego akaletwa. Alikuwa katikati ya vijana wawili, kavaa kanzu mpya, na uso wake umefungwa bandeji kutoka kidevuni mpaka utosini. Taya lilikuwa limevunjwa. Jicho moja halikufunguka.

"Alianguka bafuni," akatangaza Mheshimiwa Tindwa. "Tume inalishughulikia. Mzee Tego, karibu! Sema utakalo, kama tulivyoahidi."

Tego akafungua mdomo. Kilichotoka ni mmmh, mmmh, na udenda wenye damu. Mzee yule ambaye sauti yake ilivuka mji mzima akamtazama mjane wa mtani wake, akainua mikono miwili, kama mtu aliyedondosha chungu cha watu. Alikuwa analia. Mama Siwema akaenda, akamfuta mdomo kwa pindo la khanga, akamwambia, "Nyamaza, shemeji. Nyamaza, tumeshakusikia."

Kisha akamtazama Waziri. Waziri akatazama saa yake.

Mama Siwema akarudi kwenye kipaza sauti. Nikamkimbilia. "Mama, hotuba yako haimo kwenye ratiba!"

"Mimi sihutubii, Sudi," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote. "Mimi nataniana." Akamgeukia Baba Mlezi, aliyekuwa ndiyo kwanza anapanda ngazi za kaburi. "Wewe mtumwa wangu!"

Mungu wangu! Ndege waliokuwa juu ya uwanja naamini walianguka. Brigedia akashika bastola. Lakini ile amri ilikuwa imebandikwa kila nguzo ya uwanja, yenye picha: HAKUNA KUMKASIRIKIA MTANI, AWE MKUBWA AWE MDOGO.

"Umekuja msibani kwangu," akasema Mama Siwema. "Kaburini kwa mume wangu umelala. Koti la mume wangu umevaa. Karibu sana, mtumwa wangu. Hebu geuka nyuma watu wakuone ulivyopendeza."

Na Baba Mlezi, sijui ni mazoea ya kupigwa picha, akageuka. Mgongo wote ulikuwa wazi. Fulana ya ndani ilikuwa na jasho hadi kiunoni.

"Jamani, mwoneni! Koti hili Profesa alilivaa jua na mvua, halikuchanika. Huyu kalivaa asubuhi moja tu limeshasalimu amri. Na sisi je, anaotuvaa miaka yote hii? Mnajitazama mnashangaa mmechanikia wapi!"

Mahali fulani kwenye viti vya nyuma mtu akacheka. Leso yangu ilikuwa mfukoni, naapa.

"Umeuliza nani kaoza. Mume wangu kaoza, kweli, kafa Jumanne. Wewe hujafa, mtumwa wangu, na bado hawa waheshimiwa wanakusogelea wameziba pua kwa maua!"

Waheshimiwa wote walikuwa na maua mkononi. Yalikuwa ya kuweka kaburini. Mmoja akalishusha lake taratibu, na hapo ndipo uwanja ulipovunjika. Kicheko kilitoka huko nyuma, kikaja kama maji yaliyovunja bomba, kikapita kwa wanafunzi, kikapita kwa askari, kwaya zote mbili zikaanguka bila kufundishwa. Watu walishikana mabega. Walicheka huku wanalia, na ulikuwa msiba sasa, msiba wa kweli wa watu wa Kilima. Kuna mtu alicheka karibu sana na kipaza sauti, kicheko kirefu chembamba, kikasikika nchi nzima. Wanasema ni mimi. Mimi siku hiyo nilikuwa na kikohozi.

"Watani huzikana, Baba," akamalizia Mama Siwema, sasa kwa upole kabisa. "Leo umenizikia. Zamu yako ikifika nami nitakuja. Nitalivaa koti lako, nitalala kaburini mwako, na sitoki mpaka nipewe kuku."

Baba Mlezi alisimama kwenye ngazi, nusu ndani ya kaburi, nusu nje. Akaitazama amri yake kwenye nguzo. Akacheka. Alicheka kwa meno yote.

"Umenipata, mtani," akasema. "Umenipata kweli. Watani huzikana."

Jeneza likashushwa. Tego akaletwa ukingoni, akainama kwa shida, akachota udongo kwa mikono yote miwili na kuutupa, na kutoka nyuma ya bandeji ikasikika ile mmmh, mmmh, ndefu, tena yenye vituo na mikato. Alikuwa anamtukana marehemu matusi yote aliyomtayarishia, moja baada ya jingine. Hakuna aliyeyaelewa. Mama Siwema alikuwa anaitikia kwa kichwa kama anayeyaelewa yote, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akayaacha yatoke.

"Haya," akasema. "Sasa kazikwa."

*

Kumbukumbu ya Profesa imetunzwa ipasavyo. Ukumbi mkubwa wa chuo umepewa jina lake, na ile sentensi yake imechongwa kwenye marumaru mlangoni. Nafasi ilikuwa ndogo, mchongaji akalazimika kupunguza maneno machache ya katikati na ya mwisho. Inasomeka: "Mkubwa akiwa amekaa, wanaomzunguka humsifu." Mimi ndiye niliyesimamia upunguzaji, na nadhani imekuwa nyepesi zaidi kwa wanafunzi.

Mzee Tego anapumzika mahali. Taya linaendelea kupona, na likipona litaangaliwa tena.

Mama Siwema aliteleza bafuni Jumatano iliyofuata. Jambo hili liliisumbua sana Tume ya Vigae, kwa kuwa nyumba yake haikuwa na bafu. Alikuwa akiogea uani, nyuma ya mabati, kwenye udongo mkavu. Tume imeandika kwamba hiyo ni hali ya hatari ya kipekee, mtu kuteleza pasipo na utelezi, na imependekeza wananchi wote wawekewe vigae.

Baba Mlezi alikuja kumzika mwenyewe. Alikuwa ameahidi, na serikali yetu haivunji mila. Alijitanda khanga ya marehemu, akaigiza mwendo wake, akataka kuku akapewa. Alitania kwa muda mrefu sana, maana hapakuwa na mtu wa upande wa pili wa kumjibu. Nilipandisha leso, watu wakacheka, kicheko cha heshima, kwa kiwango. Kisha akatupa udongo wa kwanza kwa mkono wake, kwa hiyo kwa mujibu wa mila yenyewe Mama Siwema amezikwa, wala asije mtu akasema amefichwa.

Alipokuwa anaondoka akasimama mbele yangu. Akaniwekea mkono begani, mbele ya Waziri, mbele ya kamera. Sijawahi kupata heshima kubwa namna ile maishani mwangu.

"Nawe ulicheka vizuri sana siku ile," akaniambia. "Mtani wangu."

Wiki hii wameniletea funguo za nyumba mpya, zawadi kwa utumishi wangu katika vicheko. Mke wangu alikalia sanduku jikoni, akilia, akisema hahami ng'o. Wanawake bwana! Nyumba iko mtaa wa wakubwa, ina vigae vinavyong'aa kuanzia mlangoni, na mabafu yake ni matatu. Tumeshahamishwa, mizigo ilikuja kubebwa na vijana wale wale wa Usalama, na mke wangu pamoja na sanduku lake. Mimi, kwa sasa, najipangusa tu kwa kitambaa kibichi, nikiwa nimekaa.